Re Mbili za Ibaba

Tangu nirudi Morogoro mnaniuliza swali lile lile, nilifuata nini huko, kila mmoja kwa namna yake. Rehema aliuliza kwa simu, Mzee Kondo akaja kuuliza mlangoni pa karakana yangu, na ninyi wengine wa mazoezi ya kwaya ya Jumanne mmekuwa mkiniangalia tu, mkisubiri nifungue mdomo. Haya, nafungua. Habari za tiketi na barua za utambulisho nazipita, hazina ladha. Nitaanzia kwenye kosa langu, maana bila hilo nisingesafiri.

Mnakumbuka mwaka jana niliitwa Vwawa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya kwaya. Waliniita kwa sababu ya kazi yangu ya kusawazisha sauti za vinanda. Walidhani mwenye sikio la kinanda ana sikio la kila kitu, na mimi pia nilidhani hivyo. Kwaya ya mwisho siku ile ilitoka Ibaba, milimani kule Ileje. Walisimama bila chombo chochote. Mwalimu wao, mzee mrefu wa koti la kahawia, akawapa sauti ya kuanzia kwa mdomo, wakaimba wimbo wa mavuno wa beti tano alioutunga mwenyewe. Waliimba hadi nikasahau kalamu mkononi.

Walipomaliza nikafanya ule mchezo wa waamuzi: nikabonyeza kinanda sauti ile waliyoanzia. Ilikuwa juu ya pale walipomalizia kwa nusu sauti kamili, maana yake walikuwa wameshuka. Ukumbi ukaangua kicheko. Kicheko kile kilinipendeza, lazima niseme ukweli, nikashika kipaza sauti nikaongeza: "Kwaya nzuri, lakini inaporomoka. Sikio la mwalimu limelegea." Kisha nikayaandika maneno hayo hayo kwenye karatasi ya alama, wakaondoka nayo.

Miezi ikapita. Siku moja nafuta vitu kwenye simu nikaukuta wimbo wao, maana nilikuwa nimeurekodi. Nikausikiliza mara moja kwa raha, mara ya pili kwa wasiwasi. Nikapima mwisho wa kila ubeti. Mtu aliyechoka huporomoka ovyo, hapa kidogo, pale sana. Hawa walishuka hatua moja ndogo mno, ile ile, kila ubeti, tena mahali pale pale. Mara tano, na hatua tano kama hizo zinatimiza nusu sauti. Nikakaa chini sakafuni. Hapakuwa na sikio lililolegea pale zaidi ya langu.

Morogoro hadi Mlowo

Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja mkulima wa kahawa kutoka Isansa, Mbozi, aliyekuwa anarudi kumwangalia binti yake aliyejifungua. Tulipovuka Makambako gurudumu likapasuka. Tukashushwa sote kando ya barabara kwenye ukungu, baridi ikitupenya, utingo akihangaika na jeki. Mama yule akafungua kanga yake ya pili akanifunika begani bila kuniuliza jina. Tukakaa kwenye jiwe moja, tukagawana mahindi ya kuchemsha aliyokuwa nayo, na mimi nikampa upande mmoja wa spika za masikioni.

Alisikiliza wimbo wote akiwa amefumba macho. Magari yalikuwa yanapita kwenye ukungu na kupotea, na kwa muda fulani sikujua kama tunasafiri au tumekwisha fika mahali.

"Hawa wamechoka?" nikamuuliza.

"Wamechoka wapi. Mtu aliyechoka anaburuza. Hawa wanatembea."

"Lakini mwisho wao uko chini kuliko mwanzo."

"Basi njia yao inateremka," akasema, akaendelea kutafuna mahindi.

Nikaona huyu anastahili maelezo, nikampa pamoja na kisa cha Vwawa, na ninyi mpokee hapa hapa. Kaza waya, uupige: hiyo ni do. Ugawe waya huo sehemu tatu sawa, acha mbili zilie: umepata sol. Ugawe sehemu tano, acha nne zilie: umepata mi. Sauti zinazotokana na vipimo vyepesi kama hivyo zikiimbwa pamoja zinatulia, hazigombani, unasikia kama mtu mmoja ana makoo matatu. Watu wanaosikilizana vizuri huzifikia wenyewe bila kufundishwa namba yoyote.

Tatizo liko kwenye re. Ukipanda kutoka do kwenda sol, na kutoka sol ukapanda hatua kama hiyo hiyo, unafika kwenye re ya juu, ambayo unairudisha chini karibu na do. Ukipitia la, ukashuka kutoka la kwa hatua ile ile, unafika pia kwenye re, lakini iko chini kidogo ya ile ya kwanza. Zote mbili ni safi, zote mbili ni halali, na hazikutani milele. Wimbo wa Ibaba katika kila ubeti unapita kwenye la, unashuka kwenye re ya chini, na kutoka hapo wanajenga sol yao na do yao. Kwa hiyo kila ubeti unapoisha, nyumba nzima imeshuka kidogo.

"Na kinanda?" akauliza mama.

"Kinanda kina re moja tu. Aliyekitengeneza alichukua ule mwanya akaugawa kidogo kidogo kwa vibonye vyote, kama watu wanavyogawana mzigo wa msiba. Hakuna kibonye kilicho safi kabisa, lakini hakuna kinachoumiza."

Mama akafikiri. "Mwanangu, wewe uliwacheka watu kwa kuwa hawakugawana mzigo wasiokuwa nao."

Gurudumu likapona. Pale Mlowo mama akashuka na mizigo yake, akaniachia ile kanga kwa nguvu. Nilitaka kukataa, lakini basi lilikuwa limekwisha ondoka.

Tunduma

Niliingia Tunduma alasiri, magari ya Ileje yakiwa yameondoka. Kesho yake mvua ikanyesha tangu alfajiri, nikaambiwa nisubiri. Nilikaa pale siku moja na nusu.

Mnaoijua Tunduma mnajua foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mimi niliisikiliza. Nje ya nyumba ya wageni malori mawili yaliacha injini zikiunguruma, sauti ya moja ikiwa juu ya ile ya jingine kwa unywele tu, na mngurumo wao ukawa unavimba na kunywea, unavimba na kunywea, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Ndivyo zinavyofanya sauti mbili zilizokaribiana bila kupatana. Kazi yangu yote ni kuyahesabu mawimbi hayo. Asubuhi ile sikuyahesabu. Nilikaa dirishani na kikombe cha chai, mvua ikinyesha juu ya maturubai, nikayaacha yapite.

Mchana nikaenda kula kwa mama ntilie. Ugali na dagaa wa Tanganyika, ambao pale kila mtu anawaita kapenta, wamekaangwa na nyanya na pilipili hadi kidole kinataka kuliwa pia. Nikiwa nasubiri sahani, kwa mazoea tu nikatoa uma wangu wa sauti, kile chuma cha ncha mbili, nikaugonga gotini na kuusimamisha mezani. Meza ikaimba. Jamaa aliyekuwa anakula pembeni, dalali kwa jinsi alivyokuwa na simu tatu, akaacha tonge hewani.

"Madam," akasema kwa sauti ya chini, "hicho kinashika kuanzia mita ngapi?"

"Kinashika nini?"

"Usiogope, sisi wote ni watu wa kazi. Dhahabu."

Nikamwambia ni chuma cha kutoa sauti moja tu, cha waimbaji. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeelewa kwamba hapa si mahali pa kusema. Hata sijamaliza dagaa, akarudi na wenzake wawili na jiwe limefungwa kwenye leso. Nikajitetea tena. Wakanitazama kwa subira ile inayochosha kuliko ubishi. Mwishowe, ili nile kwa amani, nikaugonga uma na kuugusisha kwenye jiwe. Ukatoa mlio mfupi wa kukwaruza.

"Umesikia?" dalali akawaambia wenzake.

"Nimesikia," mmoja akajibu.

Wakalifunga jiwe upya kwa uangalifu mkubwa. Mwanamke Mzambia aliyekuwa anauza vitenge mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta. "Natotela, mama," akaniambia, yaani ahsante, "leo umenipa siku nzuri." Jiwe lile sijui liliishia wapi, na naomba Mungu asiwepo mtu aliyechimba kwa ajili yangu.

Mpemba, Isongole, Itumba

Siku ya tatu kukakauka. Kutoka Mpemba nilipanda gari dogo lililosubiri kujaa tangu saa mbili hadi saa tano. Tulipoondoka nilikuwa nimekwisha fahamu majina ya watoto wa kila abiria. Barabara ni nzuri, ikipinda na vilima, na upande mmoja unaambiwa kule ng'ambo ya mto ni Malawi. Kilima, kilima, ukungu, shule, kilima. Kichwa changu kikaegemea kioo. Kioo kilikuwa kinatetemeka kwa sauti moja ndefu, na juu yake abiria walikuwa wanazungumza Kindali na Kilambya ambavyo sikuvielewa hata neno, nikabaki na kupanda na kushuka kwake tu. Nikawaza kwamba masikio yaliyokua ndani ya lugha hizi hayangeweza kuwa mavivu. Sijui nililala au la.

Pale Itumba alinipokea katibu wa kwaya, kijana wa miaka thelathini na kitu aitwaye Ambwene, na pikipiki yake. Nilikuwa nimemwandikia kwamba naja kuhusu yale mashindano, basi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Mwamuzi! Umekuja mwenyewe! Tumetekeleza, mama. Yote uliyotuandikia tumetekeleza."

"Nini mlichotekeleza?"

Akasimama wima pale stendi akayasema kwa moyo, bila kukosea: "Kwaya ina sauti nzuri ila inaporomoka. Sikio la mwalimu limelegea. Wapate chombo cha kuwashika." Maneno yangu. Hilo la chombo nilikuwa nimelisahau hata mimi.

"Tuliuza viazi, tumenunua kinanda," akasema kwa fahari. "Sasa hatushuki hata kidogo. Utasikia leo."

"Na mwalimu?"

Ambwene akahangaika na kofia yake. "Mwalimu Asajile alijiuzulu wiki ile ile tuliyorudi. Yupo. Kanisani anakuja. Ila haimbi tena, mama. Hata tenzi haimbi. Kaka yake alifariki baada ya Pasaka, na hata pale makaburini hakufungua mdomo."

Nilipanda pikipiki. Niliondoka Morogoro nikidhani nakwenda kuwapelekea watu habari njema. Njia nzima ya kupanda Ibaba, katikati ya migomba na mashamba ya viazi yenye maua meupe, niliona aibu hata kuitazama.

Mazoezi, Jumamosi

Kanisa la Ibaba liko juu ya mgongo wa kilima, na mawingu yanapita kwa chini yake. Waimbaji walifika mmoja mmoja na majembe yao, wakayaegemeza ukutani nje, wakanawa miguu. Walikuwa kama ishirini na tano. Wakaniamkia wote kwa zamu, nikaketishwa mbele.

Wakasali. Baada ya amina nikategemea wimbo, lakini walibaki wamesimama. Ambwene akatoa karatasi iliyofunikwa kwa nailoni ili isilowe. Akaisoma kwa sauti. Ilikuwa karatasi yangu ya alama.

"Mnaisoma kila mazoezi?" nikauliza.

"Kila mazoezi, baada ya sala," akasema. "Ili tusisahau."

Mama mmoja wa makamo, aliyesimama mwisho wa mstari wa sauti ya kwanza, alikuwa amekaza macho kwenye paa muda wote wa kusoma. Baadaye nilijulishwa kuwa ndiye Mama Tumpe, mke wa mwalimu.

Kisha wakaimba wimbo wa mavuno, kinanda kikiwatangulia kila ubeti. Beti zote tano. Hawakushuka. Walimaliza pale pale walipoanzia, wakanigeukia na nyuso zilizojaa matumaini, na mimi nikapiga makofi maana ningefanya nini. Lakini ile sauti niliyoisahaulia kalamu haikuwemo. Mi zao zilikuwa zimepandishwa juu ya mahali pake, zinatetemeka pembeni kama sufuria lisilokaa sawa jikoni. Kila mmoja alikuwa anasikiliza kinanda, hakuna aliyekuwa anamsikiliza jirani. Nilikuwa nimewaambia wafanye hivyo, nao ni watu wanaotii. Nilitaka kulia.

Jikoni kwa Mwalimu

Mama Tumpe akanichukua kwao bila maelezo mengi. "Njoo ule. Halafu utasema ulichokuja kusema."

Mwalimu Asajile alikuwa jikoni anamenya viazi vilivyochemshwa na maganda. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kumenya kwake kulikuwa kwa mtu wa ubaoni, ganda moja refu lisilokatika. Akainuka kunipa kigoda.

"Karibu, mwamuzi. Pole na safari. Barabara ikoje?"

Tukazungumza barabara. Tukazungumza mvua. Nikala viazi na maharage, nikanywa chai ya maziwa yenye moshi ndani yake, nikaongezewa, nikaongezewa tena. Alikuwa mpole hata nikatamani anitukane. Mwishowe nikaweka kikombe chini nikamweleza yote: simu, hatua tano zilizolingana, re mbili. Nikakaza waya juu ya ubao wa kukatia mboga, nikaugawa kwa kipande cha mti, nikampigia sehemu tatu na sehemu tano. Aliinamisha kichwa kusikiliza kila sauti hadi ikafa yenyewe.

"Kwa hiyo tulikuwa hatushuki?" akauliza.

"Mlikuwa mnashuka, mwalimu. Lakini mlishuka kwa sababu kila hatua mliikanyaga sawasawa. Mimi nilisikia mwanzo na mwisho. Katikati sikusikiliza."

Akausukuma ukuni ndani. Moto ukalia kidogo.

"Mwamuzi, miaka yote niliyofundisha, niliwafundisha jambo moja tu. Nota za sol-fa wanazijua, hizo si kazi. Niliwaambia: usitoe sauti mpaka umemsikia jirani yako. Uliposema lile neno, nilirudi hapa nikafikiri, kumbe fundisho hilo ndilo lililowaharibu. Watoto wa watu, nimewalegeza masikio wote."

"Ndilo lililowashusha," nikasema. "Na ndilo lililonifanya nisahau kalamu."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani amekubali. Lakini akaokota kiazi kingine akaanza kukimenya.

"Ahsante kwa kuja. Umefanya utu. Lakini haya umeniambia jikoni, tupo watatu. Yale uliyasema ukumbini, na watu wakacheka. Mimi nitayafanyia nini haya ya jikoni?"

Mama Tumpe, aliyekuwa amenipa mgongo akipanga vyombo, akasema bila kugeuka, "Kwetu mtu aliyechafuliwa mbele ya watu hasafishwi jikoni, mama. Mwinjilisti yupo. Kaombe nafasi kwenye matangazo."

Jumapili

Matangazo ya Ibaba ni marefu kuliko mahubiri, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Mzee wa kanisa alitangaza jembe lililookotwa kisimani, akatangaza ujenzi wa daraja la miti na nani alete kamba, akatangaza mgonjwa. Mwalimu Asajile alikuwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Ambwene alikuwa ameniambia kwamba kila Jumapili, kwaya inapoinuka, mwalimu hutoka nje kimya kimya na kurudi wimbo ukiisha.

"Mgeni wetu ana neno," akasema mwinjilisti.

Nikasimama mbele. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakapotea yote. Nikawaambia kwamba mimi ndiye niliyeandika ile karatasi. Kwamba nilikosea. Kwamba kwaya yao siku ile ya Vwawa iliimba sauti zilizo safi kuliko za chombo nilichowapimia, na kwamba sikio lililolegea lilikuwa la mwamuzi. Nikasema nilifurahia kicheko cha watu, ndipo nikaongeza lile neno baya, na kwamba Mwalimu Asajile hakustahili. Nikamwomba radhi kwa jina. Kisha nikabaki nimesimama.

Mtoto mmoja alilia akanyonyeshwa. Mwinjilisti akasubiri, akaona siendelei, akasema, "Kwaya mmesikia. Basi imbeni kama zamani, kinanda kipumzike. Na mgeni aingie sauti ya pili, asiishie kusema tu."

Nikajipanga mwanzo wa mstari wa sauti ya pili, nikawa upande wa kuume wa Mama Tumpe. Mwalimu alikuwa bado ameketi nyuma; Ambwene akatoa sauti ya kuanzia. Ubeti wa kwanza ukaisha pale pale ulipoanzia, mgumu, kama kinanda bado kinalia vichwani mwetu. Wa pili ukawa mbaya zaidi: wengine walikumbuka njia ya zamani wakateremka, wengine wakabaki juu, na kati yao pakachanika. Katikati ya mstari sauti zikaisha moja baada ya nyingine, hadi tukanyamaza.

Sikuthubutu kumtazama mtu. Nilifikiri: nimekiua kitu hiki kabisa, na radhi yangu haikifufui. Watu wale walikuwa wamejifunza kutoka kwangu kutosikilizana, na wamejifunza vizuri.

Benchi la nyuma likalia. Nilijua ni nani, na nilijua mlango uko upande gani. Nikasikiliza viatu vyake kwenye sakafu ya saruji, nikisubiri vififie. Havikufifia. Vilikuja katikati ya kanisa, polepole, hadi mbele yetu, na pale akasimama na koti lake la kahawia, mikono mfukoni, akiangalia miguu yetu na si nyuso.

Akatoa do. Ilikuwa ya kukwaruza, sauti ya mtu ambaye hajaimba kwa miezi mingi, na ilimbidi akohoe na kuitoa tena. Kando yangu Mama Tumpe alivuta pumzi kwa nguvu nikadhani anazimia. Tukaanza.

Do, kisha la. Nikaona nyuso zinageuka kidogo, kila mmoja kuelekea kwa mwenzake. Tukafika kwenye re. Mkono wa mwalimu ukatoka mfukoni.

"Simama." Akanyoosha kidole. Kwangu. "Wewe mama. Hiyo re ni ya kinanda."

Kanisa lote lilisikia. Uso uliniwaka moto.

"Msikilize huyo hapo kushoto kwako. Yeye ameshika la. Msikie kwanza, ndipo ushuke. Tena."

Tukarudia.

"Bado. Unashikilia. Unashikilia nini, mama? Achia. Tena."

Mara ya tatu nilifumba macho. Nikamsikiliza Mama Tumpe, la yake, nyembamba, inatetemeka kwa machozi lakini imesimama. Nikaiacha re ninayoijua, ile iliyonilisha miaka yote, nikateremka chini ya la yake taratibu hadi mawimbi yakapungua, yakawa marefu, yakaisha. Palikuwa chini kidogo tu ya pale nilipokuwa. Nilihisi sakafu imeondoka na hakuna aliyeanguka. Besi wakaipokea re ile wakajenga sol, na sol ikazaa do mpya, na mtu fulani nyuma ya kanisa akaanza kuimba nasi.

Sikufumbua macho kwa kuogopa kidole. Lakini mwalimu hakutusimamisha tena. Tukaingia ubeti wa pili, chini kidogo ya tulipoanzia, naye akiimba.